Kiti cha Punje

"Bila kiti hatoki," muuguzi alisema, na ili aeleweke vizuri aliigiza mambo yenyewe: akakaa kitako hewani, akajifunga mkanda usiokuwapo, akashika usukani, kisha akatikisa kidole. "Ijumaa, saa kumi jioni. Mtoto, kiti, gari, nyumbani. Hakuna kiti, hakuna nyumbani."

Dobi alikuwa ameshaelewa tangu neno la tatu, lakini kwa adabu aliacha maigizo yafike mwisho. Miaka miwili ya ugenini ilikuwa imemfundisha kuwa mtu anayejitahidi hivyo kukueleza jambo si vizuri kumkatiza. Akasema "Ijumaa, ndiyo," kwa lugha ya wenyeji, kisha akamgeukia mkewe kitandani. "Usiwe na shaka," alimwambia kwa lugha ya kwao. "Kiti nitanunua mimi, kipya. Kesho kutwa utakuwa umekisahau."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mtoto mwenyewe, wa kike, alikuwa na siku kumi na mbili duniani, na alikuwa amekuja wiki tano kabla ya siku yake, akawakuta wazazi hawana hata soksi. Mama yake alimwita Punje kwa sababu ya udogo wake. Jina la kweli lingengoja atoke hospitali. Baba yake alifanya kazi kwenye nyumba ya kufulia mashuka ya hoteli, na wenzake waliotoka naye kwao walimwita Dobi kwa utani mpaka utani ukageuka jina.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwenyeji, mke wa fundi bomba. Fundi huyo aliambiwa habari ya kiti hiyo hiyo, bila maigizo. Alitoa simu kwenye mfuko wa ovaroli, akabonyeza mara tatu kwa kidole gumba kilichojaa grisi, akairudisha mfukoni, na akaendelea na kisa chake cha sinki la mtu lililoziba kwa nywele. Kesho yake asubuhi kiti kilikuwa chini ya kitanda cha mkewe, kimefungwa kwenye boksi.

"Umeona?" mke wa Dobi alimwambia mumewe kwa simu. "Kumbe ni jambo la dakika moja."

"Dakika moja tu," Dobi alijibu, naye wakati huo alikuwa amekesha.

Maana Jumatatu ile ile, baada ya kutoka hospitali, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na kulifungua duka ndani ya simu. Lugha ya wenyeji aliijua kwa masikio: maji moto, sabuni, kunja, haraka, kesho njoo mapema. Kuisoma ilikuwa habari nyingine. Aliiomba simu imtafsirie, nayo ikakubali kwa moyo wote. Kiti alikipata, cha kijivu, chenye kofia ya kukinga jua. Alipokibonyeza, simu ikamwuliza: *Je, unataka kumweka mtoto kwenye mkokoteni?* Dobi alisita. Akabonyeza ndiyo. *Hongera, mtoto yumo mkokotenini.* Basi akaendelea, ingawa moyo haukumtulia.

Kisha simu ikataka kujua yeye ni nani. Kulikuwa na visanduku viwili vya jina, naye ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu, kama binadamu wengine wa kwao. Kwenye kibali cha ukaazi babu ametangulia. Kwenye kadi ya benki babu amekatwa katikati kwa kukosa nafasi. Alijaribu kuanza na babu, akajaribu kumwacha babu nje, akajaribu kumbana baba na babu kwenye kisanduku kimoja, na kila mara simu ilimjibu kwamba mtu huyo haonekani. Ikaomba namba ya kitambulisho cha raia. Hana. Ikaomba achague nyumba yake kwenye orodha ya nyumba za mtaa. Nyumba yao ilikuwa stoo iliyogawanywa vyumba vitatu, na mlango wao ulikuwa wa nyuma. Orodha haikuutambua mlango wa nyuma. Alipobonyeza kwa mara ya tisa, simu ilimfungia kwa saa ishirini na nne, kwa usalama wake mwenyewe.

Asubuhi mama mkwe alituma ujumbe wa sauti kutoka kwao. "Mkwe wangu, nasikia kiti bado. Huko mlikokwenda kuna duka lisilo na mlango? Mimi sikulaumu. Nasema tu. Nataka picha ya mjukuu wangu siku anayotoka, amekaa kwenye kiti alichonunuliwa na baba yake, niwaonyeshe watu hapa. Haya, nakuombea."

Dobi aliusikiliza mara mbili. Kwao alikuwa mtunza stoo, na mtaa mzima ulikuwa haununui kitu bila kumwuliza: jembe, godoro, betri ya redio. Yeye ndiye aliyejua bei, duka na siku ya kwenda. Mama mkwe mwenyewe kitanda anacholalia alichaguliwa na yeye. Sasa mwanamume huyo huyo alikuwa amefungiwa na simu kama mtoto aliyepigwa marufuku kutoka nje, na alijisikia vibaya, tena vibaya sana.

*

Jumanne aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda mjini kwenye duka lenye kuta. Kiti kilikuwapo, cha kijivu vile vile, kimewekwa juu ya meza ya kioo na kumulikwa taa. Dobi alikishika. Alijaribu mkanda wake. Akamwita muuzaji na kumwonyesha kadi.

Muuzaji alikuwa binti mpole, na kwa upole wake akapaza sauti kana kwamba mteja ni kiziwi. "HIKI NI CHA KUANGALIA! KUNUNUA, KWENYE SIMU!"

"Mimi kununua hiki," Dobi alisema. "Hiki hapa. Pesa hapa."

"HAKIUZWI! SIMU!" Akachukua kikaratasi chenye michoro ya vidoti vyeusi, akamwekea mkononi na kumkunjia vidole juu yake, kama mtu anayempa mtoto nauli. Wateja wengine waligeuka. Mzee mmoja alimtabasamulia Dobi kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomuuma kuliko kelele. Alitoka nje, akapiga kile kikaratasi picha kama alivyoona wengine wakifanya. Vidoti vikampeleka kwenye duka lile lile la simu, mlango ule ule, na saa zake za kifungo zilikuwa bado hazijaisha.

*

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Mama Pasi alikuja kuketi kando yake. Alikuwa mwenyeji, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnyooshaji mashuka, mwenye mikono minene na mdomo usiojua kunong'ona. Alimwona Dobi anavyoikodolea macho simu na chakula kimepoa.

"Nipe nikununulie kwa simu yangu," alisema baada ya kuelezwa. "Dakika moja."

"Hapana, Mama. Asante. Mimi mwenyewe. Jina langu."

"Kiburi."

"Mtoto wangu," Dobi alisema.

Mama Pasi alimtazama kidogo, kisha akasogeza kiti. "Haya. Basi bonyeza, nami nitazame."

Alipotazama, alinyamaza, na Mama Pasi kunyamaza si jambo la kila siku. Akafungua simu yake mwenyewe, akazilaza mezani sambamba. Yake ilimjua. Ilimsalimu kwa jina, ikajua mtaa wake na ngazi zake, ikamkumbusha kuwa sabuni ya mbwa wake inakaribia kwisha. Alipokibonyeza kiti kile kile, swali pekee aliloulizwa lilikuwa la rangi. Simu ya Dobi iliuliza jina, kitambulisho, kibali, picha ya kibali, picha ya uso, picha ya uso kando ya kibali.

"Miaka tisa nanunua humu," alisema polepole, "na ukurasa huu sijawahi kuuona. Nilidhani sote tunapita mlango mmoja." Kisha hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyegundua kuwa nyumbani kwake wageni hupitishwa jikoni. Aliwapigia huduma kwa wateja, akawapa maneno ambayo Dobi hakuyajua, na kwa jinsi wafuaji wengine walivyokuwa wakicheka, hayakuwa maneno ya kufundishwa shule. Mwishowe mtu wa upande wa pili alitaja kitufe kidogo chini kabisa ya ukurasa, cha rangi ya kijivu juu ya kijivu: *Mkaazi asiye raia*. Hapo babu akaandikwa kama alivyokatwa kwenye kadi. Mlango wa nyuma ukaandikwa kwa mkono. Picha ya uso Dobi alipigwa mbele ya rundo la mashuka, na ikakataliwa mara moja kwa sababu alikuwa akitabasamu.

Ya pili ilikubaliwa. *Kiti kitafika Alhamisi.* Wafuaji walipiga makofi. Dobi alikula chakula chake kikiwa baridi na akakiona kitamu.

*

Alhamisi saa nne simu ilitetemeka ndani ya aproni yake. Aliitoa, akaona namba asiyoijua, akairudisha. Ikatetemeka tena. Akaiacha. Ya tatu hata hakuitazama.

Msomaji wa kwao hatamlaumu. Wageni wa mji ule walikuwa na sheria yao, aliyoipokea siku ya kwanza kutoka kwa waliomtangulia: namba usiyoijua usipokee. Mwenyeji akipigiwa na namba ngeni huuliza nani mwenzangu. Mgeni huona ofisi ya vibali, au mwenye nyumba, au matapeli. Mwaka uliopita Dobi aliipokea moja, ya sauti nzuri iliyojiita ya serikali, na kabla hajaikata simu, kadi yake ya benki ilikuwa tupu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na hata bila nyoka, kuisikia lugha ya watu bila kuuona uso wa msemaji, bila mikono yake wala midomo yake, ilikuwa kazi iliyomtoa jasho kuliko mashine za kukaushia.

Saa kumi alikwenda kumwona mkewe na mtoto. Punje alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, ngumi imefumbwa.

"Kimefika?" mkewe aliuliza.

Dobi alifungua mdomo kusema kinakuja. "Kimefika," ulisema mdomo. "Kiko nyumbani."

"Alhamdulillahi. Mikanda yake mingapi?"

"Mingi."

"Mingapi, baba mtoto?"

"Ya kutosha."

Mkewe alicheka chini kwa chini, akamlisha Punje, wala hakuuliza la zaidi. Alikwisha kumjua mumewe: akisema uongo huanza kukunja kitu, na wakati huo alikuwa amekunja taulo la hospitali mara nne.

Dobi alipoondoka, muuguzi wa maigizo alikuja kupima joto. "Kiti?" aliuliza, na aliposoma uso wa mama, akaketi kando yake na kusema polepole, safari hii bila kuigiza, kwamba hospitali ina viti viwili vya kuazima. Watu wengi huazima. Wanarudisha baada ya wiki mbili. Kimoja angemletea sasa hivi.

Mama Punje alimfunika mtoto vizuri. Alikuwa amechoka, alikitamani chumba chake, mto wake na dirisha lake lisilofunga vizuri. Lakini miaka miwili hii alikuwa amemwona mumewe akiomba radhi kwa madirisha ya ofisi, kwa mashine za tiketi, kwa kila kitu chenye kitufe, na aliuona mgongo wake ukiinama kidogo kidogo. Alimpenda mtu yule, na mgongo ule aliutaka ulivyokuwa zamani.

"Mume wangu analeta," alimwambia muuguzi kwa maneno machache aliyokuwa nayo. "Kesho. Saa kumi."

"Na asipoleta?"

"Asipoleta, nachukua chako. Lakini wewe, usimwambie."

*

Nyumbani Dobi hakukuta kiti, mlangoni wala kwa jirani. Kulikuwa na ujumbe kwenye simu, na tafsiri yake ilisema: *Wewe hukupatikana. Mzigo wako umekata tamaa.*

Ijumaa asubuhi Mama Pasi aliusoma ujumbe wenyewe kwa lugha ya wenyeji, akaweka pasi chini. "Alikupigia mara tatu. Kwa nini hukupokea?"

"Namba sijui."

"Ya mleta mizigo utaijuaje!" Akashika kiuno. Halafu akauona uso wa kijana yule na sauti ikamshuka. "Mpigie sasa hivi. Leo ndiyo siku yenyewe, si ndiyo?"

"Mama, piga wewe. Tafadhali."

"Ningepiga. Lakini mwanao atakua hapa. Shule itapiga, daktari atapiga, wote namba usizozijua. Mimi nitakuwa nimestaafu." Akazima mashine ya kwanza ya kukaushia, akawaashiria wenzake wazime nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu Dobi aajiriwe, nyumba ile ya kufulia ikawa kimya saa za kazi. Watu saba walisimama na mashuka mikononi wakimsubiri mtu mmoja apige simu.

Dobi alipiga. Aliishika simu kwa mikono miwili. Upande wa pili sauti ya kiume ilisema kitu kirefu na cha haraka.

"Polepole," Dobi alisema. "Tafadhali. Mimi... kiti. Kiti cha mtoto. Jana, simu wewe, mimi hapana. Samahani."

Upande wa pili redio ya gari ilizimwa. "Wewe mgeni?" sauti iliuliza.

Dobi alifumba macho. "Ndiyo. Mgeni."

"Mimi pia," ilisema sauti, na sasa ilikuwa ya polepole, na makosa yake yalikuwa mengi kama ya Dobi ila ya namna nyingine. "Mimi nchi nyingine. Sema pole, mimi sikia pole. Wewe wapi?"

Hapo Dobi alifanya kosa ambalo ramani yoyote ingelikataa. Hakutaja mtaa wala namba. Alieleza kama wanavyoelezana watu wa kwao: duka la miwani, kushoto, mbwa mkubwa wa sanamu mlangoni kwa watu, kisha harufu ya sabuni, fuata harufu.

"Mbwa mweupe? Sikio moja?"

"Sikio moja!"

"Najua. Kila siku napita. Kiti hakuna ghala, kiti gari yangu. Saa nane, mbwa."

Mashine ziliwashwa tena, na kelele zake hazikuweza kuzifunika kelele za watu. Mama Pasi alijifuta macho kwa kona ya shuka la hoteli, akalitupa kwenye la kufuliwa upya.

*

Mleta mizigo alifika saa nane na nusu, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, akamkabidhi Dobi boksi kwa mikono miwili. Dobi alitaka kumpa kitu kidogo, mwenzake akakikataa.

"Mimi pia," alisema, akijigusa kifua, "namba sijui, sipokei. Mke wangu anagomba. Kazi yangu simu, nami sipokei!" Wakacheka wote wawili mpaka yule mtu akashika sikio pekee la mbwa asianguke. Kisha akaomba kuiona picha ya mtoto. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema neno moja kwa lugha ya kwao, na Dobi hakuhitaji kutafsiriwa.

Alifika wodini saa kumi kasorobo, boksi kichwani kama mchukuzi, shati limelowa. Mkewe alikuwa ameketi amevaa tayari. Miguuni pa kitanda palikuwa na kiti cha buluu kilichochakaa, chenye namba ya hospitali iliyopigwa kwa rangi nyeupe, na muuguzi alikuwa ndiyo kwanza amekiweka.

"Ah, amekileta!" muuguzi alisema kwa furaha, akakinyanyua cha buluu. "Basi hiki cha kuazima nakirudisha stoo."

Kwa masikio Dobi aliijua lugha ile. Alielewa kila neno. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Punje.

Kukifungua kiti kipya ilikuwa shughuli. Maelekezo yalikuwa kwa lugha kumi na moja na ya kwao haikuwamo. Mikanda ilikuwa mitano. Punje alizama ndani yake akabaki kofia na pua, ikabidi wamtie mataulo ya kumshikilia huku na huku, na mama yake akapiga picha, ikaenda kwa bibi kabla hawajafika kwenye lifti.

Ndani ya teksi walikaa nyuma, mtoto katikati. Walipita taa mbili.

"Ulijua tangu lini kuna vya kuazima?" Dobi aliuliza.

"Tangu jana."

"Jana! Na ukaniacha nihangaike na simu, nibabaike mbele ya watu, nibebe boksi mji mzima?"

"Na wewe ukaniambia kiko nyumbani."

Dobi aliuvuta mkanda mmoja kuona kama umekaza. Simu ya mkewe ikalia, ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama mkwe, na nyuma yake vigelegele vya wanawake wengi: "Jamani kiti! Nilisema mimi! Nilisema mkwe wangu hashindwi na kitu!"

Dobi aliungoja uishe. "Na kama nisingefika?" aliuliza.

Mkewe alikuwa akimweka Punje kofia sawa.

"Ningempiga picha kwenye kile cha buluu," alisema, "nikaifunika ile namba kwa taulo, nikamwambia mama, tazama kiti alichonunua mkweo."

Dobi aligeukia dirishani, lakini ilikuwa imechelewa. Alilia waziwazi, mabega yakimtikisika, mkono wake mmoja juu ya mikanda mitano. Dereva alimtazama kwenye kioo, akapunguza sauti ya redio, na akaendesha polepole mpaka mlango wa nyuma.